Ukienda Industrial Area Kununua Kompresa

Tairi la nyuma la trekta likiishiwa hewa katikati ya wiki ya kulima, mkulima hupata hasara mara mbili. Kwanza hulipa gari la kulichukua tairi mpaka mjini, na pili mvua humpita huku trekta limesimama juu ya mawe. Kwa hiyo si ajabu kwamba vikundi vya wakulima katika mashamba ya makazi, tangu Kinangop na Ol Kalou mpaka Lugari, huwaza kuchanga fedha na kununua kompresa yao wenyewe, yaani mashine ya kushindilia hewa.

Wazo hilo ni jema. Lakini fedha za kikundi ni fedha za watu wengi. Wazee waliopata mashamba katika mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka wa 1962, waanza maisha mapya wakiwa na mkopo shingoni, na wanajua jinsi kitu kimoja kilichonunuliwa vibaya kinavyoweza kumsumbua mtu miaka mingi. Kompresa mbaya huweza kula akiba ya maziwa ya mwaka mzima. Tena ni mashine iwezayo kuua. Basi kabla mwenyekiti na mweka hazina hawajapanda matatu kwenda Nairobi, soma habari hii, na ikiwezekana isomwe katika mkutano wa kikundi.

KAZI GANI?

Wanunuzi wengi hukosea hapa. Huingia dukani na kuuliza, "Kompresa ni pesa ngapi?" Hilo ni kama kuuliza bei ya ng'ombe bila kusema kama unataka wa maziwa au wa kuchinja. Jiulize kwanza: hewa hii ni ya kazi gani?

Hewa hupimwa kwa njia mbili, na ni lazima uzijue zote mbili. Ya kwanza ni presha, yaani nguvu ambayo hewa iliyobanwa inasukuma nayo. Kwenye geji utaona herufi PSI, ambazo ni ratili kwa kila inchi moja mraba, au utaona neno bar, ambalo mafundi hulitamka "baa". (Hii si ile baa ya kunywea pombe.) Baa moja ni sawa na PSI 14 na nusu. Ya pili ni wingi wa hewa, ambao hupimwa kwa lita kwa dakika.

Angalia tofauti. Tairi kubwa la nyuma la trekta hutaka presha ndogo tu, kama baa 1 mpaka 1 na nusu. Lakini ndani yake mna nafasi ya karibu lita 300, kwa hiyo lataka hewa nyingi. Tairi la lori lililobeba mizigo ni kinyume chake: halina nafasi kubwa hivyo, lakini lataka baa 7 au 8. Pikipiki yataka baa 2 na kidogo, na hewa yake ni ya kushiba mara moja. Ukiwa na mashine ndogo ya presha kubwa, utakaa nusu ya asubuhi ukingojea tairi la trekta lijae. Ukiwa na mashine ya hewa nyingi isiyofika baa 8, lori la viazi litakwenda kwa jirani.

Kama wewe ni mkulima wa peke yako, mwenye pikipiki moja na mkokoteni, nakushauri usinunue kompresa hata kidogo. Pampu nzuri ya mguu, au kimashine kidogo cha volti 12 kinachotumia betri ya pikapu, kitakutosha, na fedha nyingine ununulie mbegu. Kompresa ni ya kikundi, au ya kijana anayetaka kufungua kazi ya kuziba pancha sokoni.

MTU WA BUNDUKI YA HEWA

Mkulima mmoja wa mpunga aliniuliza kama kompresa ya matairi yaweza kujaza bunduki ya hewa, maana ndege walikuwa wakimmaliza. Swali lake lilikuwa la akili, na jibu lake ni hapana. Afadhali nieleze sababu, kwa kuwa siku hizi mashine za bunduki hizi zatangazwa sana, na mtu aweza kuzinunua akidhani ni za matairi, au akanunua za matairi akidhani zitajaza bunduki.

Bunduki za hewa ni za namna mbili. Ya zamani ina springi ndani. Unaikunja mtutu, springi inajikaza, unapiga. Hiyo haitaki kompresa yo yote, na kwa mtu asiye na fedha nyingi, kompresa iliyo rahisi kuliko zote ni kutokuwa na kompresa. Ya pili ina chupa ndogo ya chuma ambayo hujazwa hewa kabla ya kupiga. Chupa hiyo hujazwa mpaka baa 200 au 250, na nyingine hufika 300. Baa 300 ni PSI zaidi ya 4,300. Kompresa ya matairi hufika baa 8 au 10 na kusimama. Hata ukiiacha ikinguruma usiku kucha, haitapita hapo.

Jambo la kushangaza ni kwamba hewa ya bunduki yenyewe ni kidogo sana. Chupa ya robo lita iliyojaa baa 200 ina hewa ya lita 50 tu, wala haitoshi hata kulishtua tairi la trekta. Lakini imebanwa mno. Kuibana hivyo hakuwezekani kwa pigo moja la pistoni, kwa sababu hewa ikibanwa hupata moto. Umeona jinsi pampu ya baiskeli inavyopata moto mkononi. Kwa hiyo kompresa ya bunduki huibana hewa kwa hatua mbili, tatu au nne, kila pistoni ikiwa ndogo kuliko ile iliyotangulia, na hewa ikipozwa katikati. Ndiyo maana ni mashine tofauti kabisa.

Mtu mwenye kibali na bunduki moja aweza kutumia pampu ya mkono ya hatua tatu. Ni kazi ya jasho, lakini haitaki stima, na mipira yake midogo ya kuzuia hewa hubadilishwa nyumbani. Baada ya hiyo yaja kompresa ndogo ya volti 12, ambayo hufungwa moja kwa moja kwenye betri ya gari, injini ikiwa inazunguka. Usiichomeke kwenye tundu la kuwashia sigara, kwa sababu hula stima nyingi kuliko waya ule uwezavyo kupitisha. Mashine hizi za bei rahisi hazina nguvu ya kudumu. Zataka kupumzishwa kila baada ya dakika chache, na pete za pistoni huisha upesi. Kabla ya kununua, mwambie muuzaji akuonyeshe pete za akiba, kichujio cha akiba, na mafuta yake maalum. Akisema vitaletwa wiki ijayo, mwambie nawe utarudi wiki ijayo. Iliyo kubwa zaidi ni ya stima ya nyumbani, hupozwa kwa maji yanayozungushwa kutoka ndoo, na hufaa klabu ya watu wengi, si mkulima mmoja.

Hewa ya kujazia chupa hizi ni lazima iwe kavu. Unyevu ukiingia hubaki ndani, na chupa huoza kutoka ndani mahali ambapo jicho halifiki. Na sikiliza sana neno hili: usijaze bunduki wala tangi lo lote kwa oksijeni kutoka mtungi wa mchomeleaji, hata kama umeona mtungi huo una presha nyingi na uko karibu. Oksijeni ya presha ikikutana na mafuta au grisi hulipuka bila kiberiti.

Sasa, je, bunduki ya hewa yafaa shambani? Mimi naona faida yake ni ndogo. Kwelea kwelea huja kwa makundi makubwa mno, na risasi moja moja si kitu kwao. Wakulima wa Mwea na Ahero wanajua kwamba waamiaji ndege wenye kelele na makombeo huokoa mpunga kuliko mtu mmoja mwenye bunduki. Tena bunduki ya hewa ni silaha. Usidhani kwamba kwa kuwa haina baruti serikali haina habari nayo. Nenda kituo cha polisi kwanza, uulize habari za kibali chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kabla hujalipa hata shilingi moja. Wala usiwaze kanga na swala, kwa maana uwindaji wa wanyama wa pori ulipigwa marufuku Kenya mwaka wa 1977.

Basi turudi kwenye matairi, ambako kuna faida ya kikundi.

STIMA YA KIJIJINI SI STIMA YA KIWANDANI

Industrial Area ya Nairobi iko kusini na mashariki ya stesheni ya reli. Viwanda vilijengwa huko ili mabehewa yaweze kuingia mpaka mlangoni, na watu wa kazi wakakaa Makongeni, Kaloleni, Mbotela, na mitaa mingine ya Eastlands iliyo jirani. Kando ya Enterprise Road, Likoni Road na Lunga Lunga Road utakuta maduka makubwa ya mitambo mipya, na pia utakuta mashine kuukuu ambazo viwanda vimeziacha. Hizi kuukuu huvutia sana macho. Ni nzito, zimepakwa rangi upya, na bei yake ni nusu ya mpya.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kiwanda kina stima ya nyaya tatu, volti 415. Nyumbani kwako, na katika vituo vingi vya biashara vijijini, una waya mmoja wa stima wenye volti 240. Mota ya kiwanda haitazunguka kwako, hata ungeiombea. Soma kibati kilichopigiliwa kwenye mota. Kikisema 415, au kikisema 3 mbele ya neno la "phase", iache hapo hapo ilipo, isipokuwa umepata bei ya kununua mota nyingine na kuijumlisha. Vile vile mashine iliyoletwa kutoka Marekani yaweza kuwa ya volti 110. Yako iwe ya volti 220 mpaka 240, na mizunguko 50.

Jambo jingine ni ukubwa. Mota ya nguvu za farasi 2 huweza kutumia tundu la kawaida la nyumbani, lile la ampea 13, ingawa wakati wa kuwaka huvuta stima mara tano au sita kuliko inapozunguka. Ukienda kwenye nguvu 3, tundu hilo litaungua. Itakubidi fundi wa stima mwenye leseni akuwekee waya wake peke yake kutoka kwenye mita. Na ikiwa nyumba yako iko mwisho wa laini, mahali ambapo taa hufifia jioni jirani wanapopika, mota kubwa itanguruma bila kuzunguka na kuungua.

Watu wengi huweka kompresa mbali na mita, kisha huivutia waya mrefu mwembamba. Waya mrefu hula stima njiani. Fanya kinyume. Weka mashine karibu na mita, na urefushe mpira wa hewa mpaka kwenye trekta. Urefushe mpira, usirefushe waya.

Kama huna stima kabisa, iko kompresa ya injini ya petroli. Hapa mkulima wa nyanda za juu ajue kitu ambacho muuzaji wa Nairobi hatamwambia, kwa sababu pengine hakijui. Kadiri unavyopanda mlima, hewa huwa nyembamba. Injini ya petroli hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Ol Kalou iko karibu mita 2,400. Kwa hiyo injini iliyoandikwa nguvu za farasi 5 na nusu huko itakuwa na nguvu 4 na kidogo. Kompresa yenyewe nayo huvuta hewa nyembamba kwa kila pigo la pistoni, hata kama inaendeshwa kwa stima. Tangi linalojaa kwa dakika 6 kule Mombasa litachukua karibu dakika 8 kwako. Mashine haina kosa. Ila usinunue iliyo ndogo kiasi cha kutosha tu, bali uache nafasi.

JINSI YA KUIPIMA DUKANI

Chukua vitu vitatu: saa, utepe wa fundi cherehani, na fundi wako mwenyewe. Fundi awe mtu unayemjua kutoka nyumbani, na mmelipana nauli na posho kabla ya kuondoka. Fundi unayempata pale pale mlangoni aweza kuwa mtu mwema, lakini aweza pia kuwa anapewa kamisheni na mwenye duka, na mtu hawezi kutumikia mabwana wawili kwa bei moja. Nenda asubuhi siku ya kazi. Jumamosi alasiri kila mtu ana haraka ya kufunga.

Anza na utepe. Pima upana wa tangi na urefu wake. Tangi lenye upana wa sentimita 40 na urefu wa sentimita 80 ni lita 100. Hesabu yake ni hii: nusu ya upana mara nusu ya upana, mara 3.14, mara urefu, kisha ugawe kwa 1,000. Ishirini mara ishirini mara 3.14 mara 80 yatoa 100,480, basi ni lita 100. Fanya hesabu hiyo mbele ya muuzaji bila kusema neno. Kibandiko chaweza kusema lita 100 juu ya tangi la lita 70, na kibandiko ni karatasi tu.

Kisha fungua kizibo kilicho chini ya tangi mpaka hewa yote itoke. Usikubali kuonyeshwa mashine ambayo tayari ina hewa ndani. Angalia kinachotoka. Maji safi kidogo si kitu. Maji mekundu ya kutu, tena mengi, yakuambia kwamba tangi linaliwa kutoka ndani.

Funga kizibo, washa mashine, na uangalie saa. Tangi la lita 100 kufika baa 6 lataka hewa ya lita 600. Likichukua dakika 6, mashine yatoa lita 100 kwa dakika. Pengine kibati chasema 200. Usigombane na muuzaji, kwa maana wengi wa watengenezaji huandika hewa ambayo pistoni inavuta, si ile inayofika kwenye tangi, na katikati ya hizo mbili hupotea sehemu nzuri. Tena Nairobi nayo iko juu. Lakini sasa una kipimo chako mwenyewe, na waweza kukitumia kwa mashine tatu za maduka matatu ukajua iliyo bora. Kwa kikundi chenye trekta moja na pikipiki kadhaa, lita 100 kwa dakika ni kazi nzuri. Tairi la nyuma litajaa kwa dakika nne hivi. Anayetaka kupaka rangi magari atahitaji mara mbili au tatu ya hiyo, na hayo ni mambo ya karakana, si ya shamba.

Mashine ikifika baa 8 yapaswa kujizima yenyewe. Sikiliza wakati huo. Utasikia "tss" fupi karibu na swichi, kisha kimya. Hiyo ni dalili njema: inatoa hewa iliyobaki juu ya pistoni, ili mota isiwake tena ikiwa imebebeshwa mzigo. Usiposikia hiyo "tss", mota itakuwa ikianza kazi kama mtu anayeamshwa akiwa na gunia mgongoni, na haitaishi siku nyingi. Na kama "tss" haikomi, valvu ya kuzuia hewa isirudi imekufa. Hiyo hutengenezeka kwa fedha kidogo, basi punguziwe bei.

Vuta sasa ile pete ya valvu ya usalama. Hewa itoke kwa kishindo, na ukiiachilia ifunge. Ukikuta mahali pake pamezibwa kwa bolti, toka katika duka hilo.

Juu ya aina ya mashine, maoni yangu ni haya. Ile ambayo mota imeungwa moja kwa moja na pistoni ni rahisi na nyepesi, lakini huzunguka mbio sana, hupiga kelele na kupata moto. Ile yenye ukanda huzunguka polepole, na kichwa chake kikiwa cha chuma cha kusubu fundi aweza kukifungua, akabadilisha pete na vibati vya valvu, na ikaendelea. Kanda zake zapatikana kila mji. Kikundi kichukue ya ukanda, hata kama ni ghali kidogo. Zile zisizotumia mafuta zafaa kazi ndogo ya nyumbani, lakini zikichoka hakuna wa kuzifufua.

TANGI NDILO LENYE KUUA

Mimi niandikaye habari hii nilinunua kompresa kuukuu wakati mmoja, katika karakana ambayo sitaitaja. Rangi yake ya bluu ilikuwa nzuri ajabu. Nilipima kila kitu isipokuwa tumbo la tangi kwa chini. Baada ya miezi michache nilikuta tone la maji limening'inia mahali ambapo hapana kizibo. Nilipokwangua rangi kwa kisu, ncha ya kisu ilipenya. Kulikuwa na chuma chembamba kama karatasi, juu yake bandiko la gundi, na juu ya bandiko ile bluu. Kwa miezi hiyo yote mtoto wangu alikuwa akikaa juu ya tangi hilo akijaza mpira wake.

Tangi la lita 100 lenye baa 8 limeweka ndani yake nguvu ya kutosha kulirusha gunia la mahindi la kilo 90 juu kupita nyumba ya ghorofa kumi. Likipasuka, nguvu hiyo yote hutoka kwa mara moja. Kwa hiyo tangi lililozibwa kwa gundi au lililochomelewa kiraka halinunuliwi kwa bei yo yote. Vivyo hivyo kompresa za kuundwa kutokana na mota ya friji na mtungi wa gesi ya kupikia. Nawaheshimu sana mafundi wa jua kali wa Kamukunji na Kariobangi, kwa kuwa majembe na majiko yao yametulisha. Lakini mtungi wa gesi ulitengenezwa uweke gesi kavu. Haukutengenezewa hewa yenye maji, wala matundu mapya yaliyotobolewa na kuchomelewa baadaye.

Njia ya kweli ya kulijaribu tangi ni kulijaza maji pomoni, bila hewa, kisha kuyasukuma maji kwa pampu mpaka presha ipite ile ya kazi. Maji hayabanwi kama hewa, basi tangi bovu likipasuka hutoa maji tu na mlio, wala halirushi vipande. Yapo makampuni yafanyayo kazi hiyo. Tafadhali asijaribu mtu kwa hewa.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 yataka tangi la hewa la mahali pa kazi liwe limeandikwa presha yake ya salama, liwe na valvu ya usalama, geji iliyo sahihi, na mahali pa kutolea maji, na likaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa. Kijana anayefungua kazi ya pancha sokoni na kumwajiri mwenzake amekuwa mwenye mahali pa kazi. Ofisi kuu ya idara hiyo iko papo hapo Industrial Area, Commercial Street, katika jumba liitwalo Safety House. Mkiwa mmekwenda kununua, piteni mwulize habari za wakaguzi walio karibu na wilaya yenu, nanyi mtakuwa mmefanya safari moja kwa mambo mawili.

KUIFIKISHA NYUMBANI

Lipa ukiwa umepata risiti yenye jina la kikundi, namba ya mashine, na muda wa dhamana. Risiti ya jina la mwenyekiti peke yake huleta ugomvi siku mwenyekiti anapobadilishwa.

Kabla ya kuipakia, toa hewa yote. Kompresa yenye mafuta husafiri ikiwa imesimama. Ukiilaza juu ya matatu, mafuta yatapanda juu ya pistoni, na siku ya kwanza ya kuwasha utaharibu vibati vya valvu. Ifunge kwa miguu yake, si kwa bomba la shaba, kwa maana bomba hilo hupinda hata kwa mkono.

Nyumbani iweke mahali penye upepo, mbali na vumbi la mashine ya kusagia, nusu mita kutoka ukutani ili ipate kupoa. Angalia mafuta katika kioo chake kabla ya kuwasha. Mafuta ya kwanza hubadilishwa mapema, kama kitabu chake kinavyosema, kwa sababu yana unga wa chuma kipya ndani yake. Wakatazeni watoto kuelekeza mpira wa hewa kwenye mwili wa mtu, hata kwa kupanguza vumbi la nguo. Hewa ya presha hupenya ngozi, na ikiingia sikioni au kinywani huumiza vibaya.

Mchagueni mtu mmoja awe na ufunguo na daftari. Kila jioni, baada ya kazi ya mwisho, afungue kile kizibo cha chini mpaka maji yaishe, kisha aandike tarehe na jina lake. Kazi hiyo huchukua dakika moja. Wakati wa mvua kubwa za Kinangop atashangaa jinsi maji yanavyojaa kikombe.

Bei ya kujaza hewa ipangwe na mkutano, na watu wa nje walipe zaidi kidogo kuliko wanachama. Fedha za pete na ukanda ziwekwe mbali tangu mwezi wa kwanza, kabla mashine haijaanza kudai.